Kliniki huchelewa, chumvi huwahi

Kivu haina bahari. Chumvi inayotiwa kwenye maharage ya Rutshuru na kwenye sombe ya Goma hutoka mbali, na mojawapo ya njia zake huanzia kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Hupakiwa kwenye malori hadi Kampala, ikapanda milima ya Kigezi hadi Kisoro, kisha ikashuka Bunagana, mji mdogo uliokaa chini ya mlima Sabinyo, upande mmoja Uganda, upande mwingine Kongo.

Msikilizaji wa redio anaijua Bunagana kwa jambo moja tu. Waasi wa M23 waliiteka Julai 2012, jeshi la Kongo likaikomboa mwishoni mwa Oktoba 2013, M23 wakairudia tarehe 13 Juni 2022, na maelfu ya watu wakavuka kwa miguu kuingia Kisoro siku ile ile. Hayo yameandikwa sana. Makala haya yanahusu Bunagana ya mifuko ya chumvi na unga, kwa sababu vinavyopita pale vina mkono wake katika namna ubongo wa mtoto unavyoundwa, na huufikia mji wa mimba mapema kuliko mkunga yeyote.

Tuanze na kalenda, maana mambo yote hapa ni suala la tarehe.

Siku 18 hivi baada ya mimba kutunga, kiinitete ni kisahani bapa chenye tabaka tatu za seli, na urefu wake haufiki milimita 2. Hakina moyo unaodunda wala kitu cha kuitwa kichwa. Katikati ya tabaka la juu seli zinaanza kurefuka na kunenepa, kwa kuwa chini yake umelala uzi mwembamba wa seli uitwao notokodi, unaotoa kemikali za kuzielekeza zigeuke seli za neva. Ukanda huo ulionenepa unabonyea katikati, kingo zake zinainuka pande zote mbili na kuelekeana, kama mtu anavyokunja jani la mgomba mpaka ncha zikutane. Zikikutana zinashikana, na kilichokuwa ukanda kinakuwa mrija. Mrija huo ndio mfumo mkuu wa neva. Hakuna sehemu ya ubongo wala ya uti wa mgongo isiyotoka humo.

Kushikana hakuanzii mwisho mmoja kwenda mwingine. Kunaanza katikati, mahali patakapokuwa shingo, mnamo siku ya 22, kukaenda juu na chini kwa pamoja. Tundu la juu, upande wa kichwa, huziba karibu na siku ya 25. La chini huziba siku mbili tatu baadaye, mnamo siku ya 28. Wakati huo huo seli zilizokuwa kwenye kingo za mkunjo hujitenga na kusafiri mwilini: nyingine zitakuwa neva za utumbo, nyingine seli zinazotia ngozi rangi, nyingine mifupa ya uso. Kiumbe chote bado kina urefu wa milimita 4 hivi.

Tundu la juu lisipoziba, ubongo na fuvu haviundiki na mtoto hawezi kuishi. La chini lisipoziba, anazaliwa na mgongo wazi: neva ziko nje au zimefunikwa na ngozi nyembamba tu, miguu mara nyingi haina nguvu, haja ndogo na kubwa hazina mwenye kuzizuia, na maji ya ubongo yakikosa pa kupita yanakusanyika mpaka kichwa kinakua kupita kiasi. Ndiyo maana Tanzania wazazi husema kwa pumzi moja, kichwa kikubwa na mgongo wazi. Duniani watoto wapatao 300,000 huzaliwa kila mwaka wakiwa na kasoro za mrija huu.

Sasa tuipige hesabu hiyo upande wa mama. Siku ya 28 baada ya mimba kutunga, mwanamke amepitisha siku zake kwa wiki mbili tu. Penye utulivu, wiki mbili zinatosha kumtia mtu shaka. Lakini kwa mwanamke aliyelala wiki nzima kwenye kituo cha mpito cha Nyakabande upande wa Uganda, au anayekula mlo mmoja kwa siku, hedhi kuchelewa si habari. Njaa na hofu huichelewesha zenyewe. Atakapofika CPN, kama wanavyoita kliniki ya wajawazito huko Kongo, atapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na ni vizuri avimeze kwa ajili ya damu yake. Kwa mrija wa neva, vidonge hivyo vimekuja baada ya kazi kwisha. Hata mwanamke mwenye bidii kuliko wote, anayeripoti kliniki wiki ya 12 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, anafika wiki sita baada ya tundu la mwisho kuziba au kutoziba.

Na kuziba kwa tundu hilo kunategemea sana hiyo asidi ya foliki. Seli zinazokunja ukanda lazima zigawanyike kwa kasi, na haziwezi kunakili vinasaba vyake bila vitamini hiyo. Ushahidi ulikamilika mwaka 1991, utafiti uliofanyika katika vituo 33 vya nchi saba ulipochapishwa. Wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo walipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya kurudia ikapungua kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata Hungaria ilionyesha kwamba hata wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hilo wanakingwa. Tangu hapo ushauri ni mikrogramu 400 kila siku kwa mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba, na aanze kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, miligramu 4, kwa maelekezo ya daktari.

Neno zito hapo ni kabla. Ni wangapi, Dar es Salaam au Bunagana, humeza kidonge kwa ajili ya mimba ambayo haipo? Serikali nyingi zilijibu swali hilo kwa kukiacha kidonge na kuushika unga. Marekani iliwalazimisha wasagaji kutia asidi ya foliki kwenye unga wa ngano kuanzia 1998. Tanzania na Uganda zilitunga kanuni zake mwaka 2011, Kenya mwaka 2012, zikihusu ngano na mahindi yanayosagwa viwandani.

Kuna mji mwingine wa mpakani unaofaa kutazamwa hapa. Brownsville uko Texas, ukingoni mwa mto Rio Grande, Mexico ikiwa ng'ambo. Aprili 1991, katika hospitali moja ya mji huo, walizaliwa watoto watatu wasio na ubongo ndani ya saa 36. Wachunguzi waliangalia mengi, na baadaye kidole kikaelekezwa kwenye fumonisini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na kuizuia foliki isiingie ndani ya seli. Wamexico wa eneo hilo walikuwa wakila mikate ya mahindi asubuhi na jioni. Kisha sheria ya 1998 ilipokuja, iligusa ngano na ikauacha nje unga wa mahindi wa kupikia mikate hiyo. Ruhusa ya kuutia asidi ya foliki ilitoka mwaka 2016, miaka 18 baadaye, na hata hapo ilikuwa hiari. Waliohitaji zaidi ndio waliorukwa, kwa sababu tu hawakuwa wakila unga ambao wakubwa waliuona kuwa ndio unga.

Bunagana ina shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi. Nyanda zile ni za viazi, maharage, mahindi na mtama. Mama huvuna chake, hukianika, hukipeleka kwenye kinu cha jirani na kurudi na unga wa bugali. Kinu hicho hakina mashine ya kuchanganya vitamini, na hakuna mkaguzi atakayekitembelea. Unga wa viwandani wa Kampala, ulioongezwa virutubishi kwa mujibu wa sheria, unapita mbele ya nyumba yake juu ya lori kuelekea kwa wenye fedha za kuununua. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa la kudumu la mipango ya lishe katika ukanda wetu: huandikwa kana kwamba kila mtu anakula cha dukani.

Kinachomsaidia mama huyo ni maharage. Ni miongoni mwa vyakula vyenye foliki nyingi kuliko vyote vya shambani, na eneo la Rutshuru linayalima kwa wingi. Lengalenga na mboga nyingine za kijani zinaongezea, ingawa foliki huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto mrefu, hivyo anayemwaga supu ya maharage anamwaga sehemu ya dawa. Lakini maharage yanataka mtu awepo shambani. Msimu wa pili hupandwa karibu na Februari na Machi na kuvunwa Juni. Mapigano ya 2022 yalipamba moto Machi, na mji ukaanguka katikati ya Juni. Mwanamke aliyeshika mimba Julai mwaka ule akiwa chini ya turubai alikuwa akila mgao wa unga na mafuta, huku maharage yake yakioza au yakivunwa na wengine. Hakuna ripoti ya vita inayolihesabu hilo.

Unga, basi, umeshindwa kumfikia. Chumvi ilimfikia, na inafaa kuona ilifikaje.

Mrija ukishaziba, kazi ya kujenga ubongo ndiyo kwanza inaanza. Upande wa kichwa unavimba kuwa vifuko vitatu, kisha vitano. Seli za neva huzaliwa kwenye ukuta wa ndani, pembeni mwa maji, na haziwezi kubaki hapo. Kila moja hupanda kuelekea nje ikijishikiza kwenye uzi wa seli nyingine uliotandikwa kutoka ndani hadi juu. Za kwanza hukaa karibu. Zinazofuata huzipita zile za kwanza na kwenda kukaa juu yake, na za mwisho huzipita zote, hivyo katika gamba la ubongo tabaka za nje za seli hizo ni mpya kuliko za ndani. Mwishowe mtu mzima anakuwa na seli za neva zipatazo bilioni 86. Nyingi kati ya zile za gamba la ubongo zilipanda kwa njia hiyo kabla hajazaliwa.

Safari hiyo inaendeshwa na homoni ya tezi ya shingoni, thairoidi, na homoni hiyo haitengenezwi bila iodini, au madini joto kama yanavyoandikwa kwenye pakiti za chumvi Tanzania. Mtoto hana tezi inayofanya kazi mpaka kama wiki ya 12, na hata baada ya hapo yake ni dhaifu mpaka katikati ya mimba. Katika miezi hiyo anatumia homoni ya mama inayovuka kondo la nyuma. Mama akipungukiwa, seli hupanda polepole, nyingine hukaa pasipo pake, matawi ya neva hayachanui vizuri, na utando wa mafuta unaozifunika neva ili ujumbe upite haraka hucheleweshwa. Upungufu ukiwa mkali, mtoto huzaliwa amedumaa mwili na akili, mara nyingine kiziwi, na hakuna dawa ya kumrudisha.

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya ziwa Kivu lenyewe. Kisiwa cha Idjwi, kati ya Goma na Bukavu, kilichunguzwa miaka ya 1960 na watafiti wa Kibelgiji, akiwemo François Delange na mwenzake Ermans. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima. Hata hivyo kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu shingoni, wakati kusini-magharibi walikuwa chini ya mmoja kwa kumi. Tofauti waliikuta kwenye muhogo. Muhogo una sianidi, na mwili ukiivunja sianidi hubaki kemikali inayoizuia iodini isiingie kwenye tezi. Kwa hiyo mtu aliye na iodini kidogo, akila muhogo mchungu usiolowekwa ukaiva, ananyang'anywa hata hiyo kidogo. Kuloweka siku tatu nne na kukausha vizuri huiondoa sumu, lakini kuloweka kunahitaji siku tatu nne za amani. Bunagana kwenyewe ni baridi kwa muhogo. Wanaokimbia kutoka huko ndio huishia kuula, mara nyingi ukiwa umeandaliwa kwa haraka.

Tiba ya Idjwi ilianza kwa sindano za mafuta yenye iodini. Kilichokuja kuenea ni chumvi, na sababu yake ni rahisi kuliko sayansi yote niliyoeleza: hakuna anayeilima. Tajiri na maskini, aliye mjini na aliye kambini, wote hununua, na inatoka kwenye viwanda vichache vinavyoweza kukaguliwa. Zamani Kivu na Rwanda zilikula pia chumvi ya ziwa Katwe, Uganda, iliyobebwa kichwani na kwa mitumbwi, chumvi ya magadi isiyo na iodini ya kutosha. Ile ya viwandani ilipochukua nafasi yake, madini joto yaliingia jikoni bila mtu kuombwa abadili tabia. Gramu 5 za chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo zinampa mtu mikrogramu 150 kwa siku, zinazomtosha mtu mzima. Mjamzito anahitaji 250.

Haikupita bila madhara, na ni vyema kusema hivyo. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha barua kuhusu Kivu: baada ya chumvi yenye iodini kuingia, watu waliokuwa na rovu la miaka mingi walianza kupata mapigo ya moyo ya kasi, mikono kutetemeka na kukonda, kwa kuwa tezi zilizozoea ukame zilipokea iodini nyingi kwa ghafla zikatengeneza homoni kupita kiasi. Ndiyo sababu kipimo cha kiwandani kina maana, na ndiyo sababu chumvi inayovuka bila ukaguzi inatia wasiwasi kwa pande zote mbili, ikipungua na ikizidi.

Kuipima hakuhitaji maabara. Kuna kichupa cha maji yenye wanga na asidi kidogo. Unamwaga chumvi kijiko kimoja kwenye sahani, unaisawazisha, unadondosha tone. Yenye madini joto inageuka bluu iliyokoza au zambarau hapo hapo. Isiyo nayo inabaki nyeupe. Ile iliyokaa sokoni kwenye gunia lililofunguliwa, inayopimwa kwa kikombe huku jua linapiga na mvua ya Virunga inanyesha juu yake, mara nyingi hutoa rangi hafifu, kwa sababu madini joto hupotea kwa unyevu na joto. Anayeiweka kwenye kopo lenye kifuniko na kuitia kwenye sufuria inapokaribia kuepuliwa anapata zaidi kutoka kwenye kikombe kile kile.

Kuna kitu cha tatu kinachomfikia mtoto kabla ya kliniki, nacho hakipiti forodhani. Watafiti wakiongozwa na Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida waliwafuata akina mama 25 waliojifungua katika hospitali ya HEAL Africa, Goma, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Waliwauliza kuhusu vita, ubakaji, kukimbia na shida za kila siku, wakachukua damu ya mama na ya kitovu. Kadiri mama alivyopitia makubwa, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo, na ndivyo alivyokuwa na alama nyingi zaidi za kikemia kwenye jini linalosimamia jinsi mwili unavyoipokea homoni ya msongo. Akina mama 25 ni wachache, na alama kwenye jini si hukumu ya maisha. Nalisema hili kwa makusudi, maana nimeona jinsi matokeo ya namna hii yanavyogeuzwa haraka kuwa hadithi ya kizazi kilichoharibika. Ubongo wa mtoto huendelea kujijenga kwa miaka. Hufikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa mtu mzima anapotimiza miaka miwili, na kinachotokea nyumbani katika miaka hiyo kina uzito wake.

Kwa mrija usioziba hakuna miaka ya kufidia. Kuna upasuaji tu, na uko mbali. Mtoto wa Bunagana mwenye mgongo wazi na kichwa kinachokua akipelekwa upande wa Uganda, hospitali inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni CURE ya Mbale, karibu na mpaka wa Kenya, takribani kilomita 700 kutoka Kisoro. Hapo ndipo daktari Benjamin Warf alipoendeleza njia ya kutibu kichwa maji kwa kutoboa tundu ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji, ili mtoto asitegemee mpira wa kutolea maji kichwani, ambao ukiziba kijijini hakuna wa kuuzibua. Warf pia aligundua kwamba zaidi ya nusu ya vichwa maji vya Uganda havikutokana na mrija bali na maambukizi ya wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, jambo linalowapa wakunga wa vijijini kazi nyingine kabisa.

Mei 2023, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziongeze virutubishi kwenye vyakula ili kuzuia mgongo wazi. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti wa vijijini kusini mwa India ambako wanawake walipewa chumvi yenye iodini na asidi ya foliki kwa pamoja kwa miezi minne, na foliki katika damu yao ikapanda sana. Kwa mahali kama Bunagana, ambapo unga unasagwa kwenye kinu cha jirani na chumvi inanunuliwa na kila mtu, sioni njia fupi zaidi. Uganda ilipofungua tena mpaka wa Bunagana Julai 2025, malori yalirudi, na viwanda vya pwani ya Kenya tayari vina mashine za kunyunyizia iodini.

Shida iliyobaki ni ya sokoni. Asidi ya foliki ina rangi ya manjano, na chumvi iliyotiwa hutoka na umanjano hafifu. Mnunuzi wa Kivu amezoea kuchagua chumvi kwa weupe wake, na muuzaji anajua kwamba yenye rangi ndiyo itakayobaki mezani jioni. Kabla kiwanda cha Gongoni hakijanunua kilo ya kwanza ya vitamini, itabidi mtu akae na akina mama wa soko la Bunagana na kuwauliza kama wataiuza, na kwa bei gani.